Jiko Lililofunikwa Kitambaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao kutoka huku Uholanzi. Natumaini magoti yamepata nafuu na mpunga wetu wa Magu haujazidiwa na mvua. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni kuna jambo.

Mama, wale watu wa kampuni ya gesi wanaonisomesha, waliokuletea jiko hapo Mkolani, kumbe walirekodi video. Juzi walituonyesha sisi wanafunzi tunaotafiti mambo ya nishati kwa fedha zao. Nikakuona na kitenge chako cha kanisani, umesimama pembeni ya jiko, unasema, "Jiko hili ni zuri sana jamani, limeniondolea moshi. Mungu awabariki." Watu wakapiga makofi. Nilifurahi kukuona hadi machozi yakanilenga. Baadaye ndipo nikajiuliza: katika nyumba zote za Mwanza, kwa nini waende kwa mama yangu?

Nadhani jibu nimelipata. Bwana mmoja wa kampuni aliniita, akanimiminia kahawa, akasema kwa upole kwamba utafiti wangu utapendeza nikiandika kuwa familia kama yetu zimeachana na mkaa. Akaongeza kwamba mwezi ujao wanakaa kuamua wataendelea kumlipia nani. Nikamwelewa.

Sasa dada Neema neno limemponyoka kwenye simu. Anasema mtungi ulikwisha zamani, kuujaza ni ghali, na jiko umelifunika kitambaa cha kufuma pale sebuleni huku wewe unapikia mkaa kama kawaida. Sikulaumu, Mama. Kwetu mgeni akija na zawadi haambiwi kasoro yake. Wao hawalijui hilo, au wanalijua na wanajifanya hawalijui.

Nitaandika habari ya mtungi uliokwisha. Wakinikatia ada nitarudi bila shahada, nawe utanipokea hivyo hivyo. Wakija tena wape chai, lakini waambie ukweli.

Nisalimie baba mdogo na shangazi wa Misungwi. Neema usimgombeze.

Kuna kitu kinaninyima raha. Kila nikipiga simu unaniambia nyumbani shwari, chakula kipo, wewe soma tu. Tangu nione ile video najiuliza, Mama: na mimi siku hizi unanijibu kama mgeni?

Mwanao akupendaye,
Masanja