Gauni Juu ya Mkindu

Jumatatu, 1 Julai 1985

Nimefunua mikindu kabla jua halijatoka. Yote saba mizima. Miwili ncha zimekauka, kama zimepitishwa motoni. Ni huu upepo wa mlimani. Mkindu ni mti wa mtoni, hapa kwetu Butiama mwezi wa saba unateseka. Mwaka wa kwanza ilinifia mitano kwa sababu nilikuwaga namwagilia jioni. Sasa ni asubuhi tu, tena pembeni ya kopo, maji yasiingie kwenye moyo. Moyo wa mkindu ukilowa na baridi unaoza. Ukioza basi, hauna moyo wa pili.

Makopo nimeyasogeza ukutani kwa jiko, upande wenye joto. Jioni nafunika. Sita nafunika magunia. Ule mrefu gunia linaukandamiza, kwa hiyo nimechomeka vijiti viwili, kimoja kimesimama kimoja kimelala, nikauvika gauni la Wegesa. Lile la njano. Asubuhi nalivua, nalikunja, nalirudisha kwenye kihenge chini ya mtama. Mama mkwe asilione.

Mbegu zilikuwa za Wegesa. Alipenda kufyonza tende za mtoni, kokwa akaziweka kwenye kopo lake la kuchezea. Tulipotoka kumzika nikalikuta kopo chini ya kitanda. Nikazipanda. Mwaka wa tatu huu.

Jumatano, 3 Julai

Baridi.

Mama Ghati jirani amepita kuomba moto. Ameangalia makopo akasema wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga majani ya mtoni, yatataga lini. Nikacheka. Sikuona cha kucheka. Nikamwambia nitachuma ukindu nisuke mikeka. Siyo uongo. Siyo kweli pia.

Yeye zamani aliniitaga Mama Wegesa. Wote waliniita hivyo. Siku hizi ni Mama Nyangeta, Mama Nyangeta. Walipobadilisha hakuna aliyeniuliza.

Nyangeta ameanza kulala pembeni kabisa ya kitanda. Ameshaanguka mara mbili. Nimemuuliza kwa nini, anasema anaacha nafasi. Ya nani, hasemi. Ana miaka sita tu huyu mtoto.

Jumamosi, 6 Julai

Mwandiko mbaya leo.

Asubuhi tulikuwa jikoni, mimi, mama mkwe na Nyangeta. Mtoto anakunywa uji. Akasema tu, kama anasema kuku ametaga: "Bibi, dada anasimamaga pale uani asubuhi. Hatembei. Nafikiri anasikia baridi."

Mama mkwe akaweka kibuyu chini. Akamuuliza dada gani. Wegesa. Amevaaje. Gauni lake la njano. Anasema nini. Hasemi kitu, anatikisika tu.

Nikajua hapo hapo. Mtoto anaamka kukojoa kabla yangu, anachungulia kwenye ufa wa mlango. Anaona gauni, mabega ya vijiti, upepo unalichezesha. Mimi ndiye niliyemsimamisha Wegesa uani.

Nilitakiwa niseme. Mama mkwe akasema polepole kwamba maiti wa mtoto harudi bure, kuna kitu chake kimebaki, tutafute ni kitu gani. Akaniangalia. Nikainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Jumatatu, 8 Julai

Naandika ili nisije nikajidanganya.

Wegesa alikufa kwa surua, masika ya mwaka themanini na mbili. Madukani hakukuwa na kitambaa. Siyo marekani, siyo khanga, siyo chochote. Baba yake alitembea mpaka Musoma mjini akarudi mikono mitupu. Watu walikuwa wanazika na mikeka, na sisi tukamzika na mkeka. Wanawake wakaniuliza hana hata nguo moja nzima. Alikuwa na ile moja, ya njano, ya kanisani, hata haijachujuka. Nikasema hana. Nikasema ilichanika.

Nilikuwa nimeificha kwenye mtama.

Nyangeta alikuwa na miaka mitatu, anatembea na kipande cha gunia kiunoni. Nikasema moyoni, huyu wa chini ya udongo hatasikia tena baridi, huyu wa juu anaisikia. Nikamwacha mwanangu aende uchi ndani ya mkeka.

Halafu nikashindwa kumvalisha Nyangeta. Kila mwaka nalitoa, nalitazama, nalirudisha. Miaka mitatu limekaa bure. Ningejua ningempa mwenyewe.

Jumanne, 9 Julai

Gauni sikulitoa jana jioni. Mkindu mrefu nimeuwekea gunia, ukiinama uiname. Nimefikiri mtoto asipoliona atasahau.

Jumatano, 10 Julai

Hakusahau. Nimetoka alfajiri nimemkuta amekaa chini uani, miguu mitupu, amejikunyata kwenye makopo. Mwili barafu. Anasema anamngoja dada, labda amechelewa.

Nimemkumbatia mpaka akapata joto.

Ijumaa, 12 Julai

Anakohoa. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Daktari kasema ni kichomi, kampiga sindano, turudi kesho na kesho kutwa. Mtoto hakulia sindano. Hilo limenitisha kuliko kikohozi.

Kila anayepita ananiambia pole. Siistahili.

Jumapili, 14 Julai

Sindano ya tatu. Joto bado. Anaita dada usingizini, siyo mama.

Baba Nyangeta amefika kutoka Mwisenge, kule karakana ya useremala anakofanya kazi. Kapata salamu jana. Kakaa pembeni ya kitanda na kofia yake mkononi kama mgeni.

Mama mkwe kasema mbele yake. Huu uwanja umeshachukua mmoja na unamtaka wa pili. Nyangeta akipona aondoke. Aende Nyasura, kule Bunda, kwa shangazi yake, akae huko mpaka avunje ungo. Watoto wa ukoo huu wamewahi kuhamishwa hivyo, wakaishi. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Mimi sikuulizwa. Nani atamuuliza mama ambaye mtoto wake anaitwa na kaburi.

Mpaka avunje ungo. Miaka sita, saba. Atarudi ananisalimia shikamoo kama mtu wa njiani.

Jumanne, 16 Julai

Joto limeshuka. Amekula kiazi na samaki, furu wawili wadogo. Nimelia nyuma ya nyumba, nikafuta uso kwa mkono wenye moshi, nimerudi ndani nina masizi mpaka shavuni. Amenicheka. Amenicheka mwanangu.

Shangazi ameleta jibu. Atakuja kumchukua Jumamosi.

Nikisema, watajua mimi ni mama wa namna gani. Nisiposema, Jumamosi anaondoka.

Mikindu sijaifunua siku mbili. Iache.

Alhamisi, 18 Julai

Nimesema.

Nilingoja mume wangu aende kuchonga mpini. Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi uani. Nikaleta gauni nimelikunja, nikaliweka juu ya ungo, katikati ya ulezi. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, la kwenye mtama, la mazishi, la vijiti. Sikupunguza. Nikasema mtoto hajaitwa na kaburi, ameitwa na mimi.

Hakuniangalia. Alilipangusa gauni, punje moja moja, mpaka likawa safi. Akaliweka chini. Akainuka akaingia kwake akafunga mlango.

Chakula cha jioni hakula. Mume wangu ananiuliza mama ana nini. Nimemwambia na yeye. Ametoka nje ameenda kusimama kaburini. Sijui alisema nini huko.

Ijumaa, 19 Julai

Mama mkwe kaja jikoni mapema, kakaa kwenye kigoda changu, ambacho hakikaliagi. Kanywa uji wote. Ndipo akasema.

"Mama Wegesa. Mtoto wangu wa tatu nilimzika na jani la mgomba. Ngozi ya kumzikia ilikuwepo. Mbili zilikuwepo. Nikawafunika waliobaki."

Sikujua kama alikuwa na wa tatu aliyekufa. Mume wangu pia hajui. Anafikiri yeye ndiye wa tatu.

Nikamuuliza alikuja kumdai? Akasema, kila mwezi wa saba. "Nguo ni ya anayesikia baridi," akasema, "lakini aliyezikwa hajui hesabu hiyo. Mtoto anajua mama kaninyima, basi."

Halafu akaniambia nisimfiche Nyangeta. Nimwonyeshe mchana, ashike kwa mkono wake. Na kwamba shangazi akija atakula, atalala, atarudi Nyasura peke yake. Mume wangu atamwambia yeye mwenyewe.

Ameniita Mama Wegesa. Nimeandika hapa nisije nikafikiri niliota.

Jumamosi, 20 Julai

Jua lilikuwa kali. Nimemtoa Nyangeta nje amefunikwa blanketi. Mbele ya macho yake nimechomeka vijiti, nimeuvika mkindu gauni. Nikarudi nyuma. Upepo ukaja kidogo.

Aliliangalia muda mrefu. Akaenda mwenyewe akainua pindo, akachungulia ndani. Akaona kopo, akaona majani. Akashika jani likamchoma, si unajua miiba ile ya chini. Akasema, "Siyo dada."

Nikasema siyo, ni mama alikuwa anafunika mti.

Akasema, "Kwa hiyo hajawahi kuja."

Nikasema hajawahi.

Alilia kilio kikubwa, cha mtu mzima. Mimi pia. Nilifikiri atapona hofu, kumbe hakuwaga na hofu. Alikuwa na dada. Nimemnyang'anya. Nimemfukuza Wegesa uani kwangu kwa mkono wangu, na hii ni mara ya pili.

Shangazi amefika saa nane na kuku mikononi. Amekula, amelala. Amenisema kidogo kuhusu wanawake wanaoficha ficha. Nimeyapokea. Kuku ametuachia.

Jumapili, 28 Julai

Analala katikati ya kitanda sasa. Mkindu mmoja umeoza moyo, ule wa kona, kwa zile siku nilizouacha. Umevutika wote kwa vidole viwili. Imebaki sita.

Mimi ndiye nawahi kuamka sasa. Natoka, naangalia uani. Sijui natarajia nini. Hakuna kitu, na utupu huo ndio unaonisimamia.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya kanisa tumekaa uani, mama mkwe na mimi. Baba Nyangeta kaja jana, anasema Musoma mjini maduka yana vitambaa sasa mpaka vinaning'inia mlangoni, watu wanapita wanavishika tu. Kamletea Nyangeta gauni la mtumba, lina maua, mikono mirefu.

Tulikuwa tumeshakubaliana la njano tutalifukia kaburini jioni. Nililifua, nililianika. Nyangeta akaomba alivae kwanza, mara moja tu. Niliogopa. Nikamwangalia mama mkwe. Akasema mwache.

Kichwa kilipita kwa shida. Mikono ilifika kwenye viwiko. Nyuma vifungo havikukutana, pengo la kiganja kizima, na pindo juu kabisa ya magoti. Akasimama hivyo katikati ya uwanja, mikono imebanwa, anajitazama.

"Mama, dada alikuwa mdogo hivi?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa mdogo hivyo.

"Mimi nimempita."

Nikasema umempita. Nikamvua polepole, nisichane mshono.