Kucha za Mama na Mstari Nilioruka

S.L.P. 1948,
Eldoret.
14 Oktoba 1988

Mpendwa ndugu yangu Kipyego,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba yote ya Kapsoya. Natumaini barua hii itakukuta mzima, masomo yanaendelea, na baridi ya huko haijaanza kukuuma. Goti lako la kushoto je, limepona? Huku tunamshukuru Mungu. Mvua haijataka kuisha, na wenye ngano wanatazama juu kila asubuhi. Redio bado inataja medali za Seoul, na kila likisomwa jina la mtu wa kwetu Mama anauliza kama ni wewe, ingawa anajua vizuri hukuenda.

Mama yuko hapa kwangu. Ameketi jikoni anachagua maharagwe, na mguu wa kulia ameuegemeza juu ya stuli. Nimeanza na hilo makusudi, ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: Mama ni mzima, na mguu upo. Lakini ilibaki kidogo ukatwe chini ya goti, na vidole viwili havipo tena. Agosti sikukuandikia kwa sababu sikujua ningeanzia wapi. Sasa najua, na si mahali ninapopenda kuanzia.

Unakikumbuka kile kikoba cheusi cha ngozi ulichomtumia Desemba, chenye kikata kucha, mkasi mdogo, tupa na kile kichuma chembamba cha kuchokolea. Mama alikipenda kuliko blanketi tulizomnunulia sisi wote. Wewe unajua miguu yake. Miaka thelathini ndani ya gambuti, akikamua ng'ombe kwenye matope ya Timboroa, kucha zimekuwa ngumu kama pembe. Wembe ulikuwa unateleza tu juu yake. Kikata kucha chako kilizikata kwa mara moja, naye akaanza kujiona daktari.

Sasa kumbuka ile ibada yetu ya kutawadhana miguu, kila miezi mitatu, kabla ya meza ya Bwana. Wanawake wa kwetu ni wanyenyekevu, lakini hakuna hata mmoja anayekubali mwenzake ainame kumwosha mguu wenye kucha mbaya. Kwa hiyo siku moja kabla ya ibada hukutana uani kwa Mama, wakaloweka miguu kwenye karai la maji ya moto na kukata kucha. Zamani kila mmoja alikuja na kipande chake cha wembe. Kikoba kilipofika, nyembe zikasahaulika. Wanawake thelathini walipita kwenye chuma kimoja na karai moja. Mama alikuwa akikata, anachokoa pembeni, anafuta chuma kwa leso, anaita mwingine.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Namalwa, yule mama wa upande wa Bungoma ambaye mume wake anafanya kazi kiwanda cha mbao. Kabla ya kuolewa aliajiriwa saluni hapa mjini, karibu na soko. Mwezi wa tatu alisimama mbele ya wenzake akasema kwamba ukucha wa njano, mnene, unaomeguka kama chaki, si wa uzee wala matope, una kuvu. Kuvu hiyo inabaki kwenye chuma na kwenye maji, halafu inamngoja mwenye mguu unaofuata. Aliomba kila mtu aje na karai lake na wembe wake, na chuma cha Mama kichemshwe.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepanda kumtembelea Mama, na wewe unanijua. Nilisimama nikamjibu kama vile ananiomba vita. Nilisema mashamba haya yalikuwa na kikombe cha bwana na kikombe cha mtumishi, kwamba baba yetu alichapwa kwa kunywea kile kisicho chake, na kwamba hatukuzika mambo hayo ili yafufuke ndani ya karai la kanisa. Nilisema anayechukia maji ya dada yake asije mezani. Walinipigia makofi. Namalwa alivaa viatu vyake taratibu, akanitazama.

"Mwalimu, wewe unajua kuongea," alisema. "Mimi najua kucha."

Akaenda zake. Tulicheka mpaka alipofika kwenye lango.

Kufikia Juni wengi walikuwa na kidole kimoja au viwili vilivyogeuka rangi, na hakuna aliyesema. Mama alikuwa na zaidi. Alipoona ukucha wa kidole gumba umenenepa na kupinda, alichukua kile kichuma akachimba pembeni, damu ikatoka, na hakusikia chochote. Hilo ndilo lililopaswa kutushtua. Hatukujua kwamba ana ugonjwa wa sukari na kwamba miguu yake imekufa ganzi. Alifunga kitambaa, akavaa gambuti, akaenda kukamua. Aliendelea hivyo wiki tano. Jirani ndiye aliyenipigia simu shuleni, akasema harufu inamtangulia Mama mlangoni.

Nilipomvua ile gambuti, Kipyego, kidole gumba na cha pili vilikuwa vyeusi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Hospitali walivitoa vyote viwili siku iliyofuata. Daktari alisema kwamba uozo ukipanda hadi kwenye kifundo, atakata chini ya goti, na kwamba tungoje. Tulingoja siku tisa. Kila asubuhi walifungua bendeji, nami nikaangalia kama rangi imepanda. Nimebishana na chifu, na mkaguzi wa shule, na mhariri wa gazeti. Mbele ya mguu ule sikuwa na neno hata moja la kuusaidia.

Muuguzi wa wadi ile, Sista Aketch, ndiye aliyenieleza. Kuvu yenyewe haiui mtu. Inanenepesha ukucha na kupasua ngozi, basi, lakini mpasuko ule ni mlango wa wadudu wengine, na mwenye sukari hana maumivu ya kumwambia kwamba mlango uko wazi. Siku ya tano aliniuliza, bila ubaya wowote, kama kweli hakuna mtu aliyewahi kumwonya Mama asichangie kikata kucha.

Nilifungua mdomo kusema hakuna. Halafu nikakumbuka.

Wewe ulimwonya. Ulimwandikia, kwenye ile barua iliyokuja na kikoba. Mama hajui kusoma, na barua zako zote namsomea mimi. Nilikuwa nimeketi karibu na moto, naye ameshika kikoba mapajani, nikafika pale ulipoandika kwamba hiki ni cha Mama peke yake, asimwazime mtu hata mmoja, kwamba kocha wenu amewakataza kabisa. Niliuona mstari huo kwa macho yangu mawili. Nikauruka. Niliwaza kwamba kijana amekaa ng'ambo miaka miwili tu na tayari amejifunza kufungia watu hata kikata kucha. Sikutaka Mama asikie uchoyo huo kutoka kwako. Nikaenda moja kwa moja kwenye salamu.

Mimi huyu. Miaka yote hii nimeandika gazetini kuwapinga wanaokata habari kabla hazijamfikia mwenye kusoma. Mwaka huu, walipotupanga mstari nyuma ya picha za wagombea, nilirudi nyumbani nikisema siwezi kuchaguliwa cha kujua na cha kufikiri. Na mtu aliyemchagulia mama yake cha kusikia ni mimi. Aliyelipa ni yeye.

Siku ya kumi daktari alisema uozo umesimama. Mguu ulibaki.

Septemba nilipanda Timboroa kwa Namalwa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na aliniacha nikayamaliza yote. Kisha akaniuliza kama nimekuja na miguu pia au nimeleta mdomo tu. Akanivua soksi mwenyewe. Kucha mbili zilikuwa za njano. Kwa hiyo hata mimi ninameza vidonge, na vitakuwa vya mwaka mzima, maana ukucha hauna haraka.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya wale wale wanawake, pale pale uani, nikasema Namalwa alikuwa sawa na mimi nilikosea. Hakuna aliyepiga makofi. Sasa yeye ndiye anayeongoza. Kila mtu anakuja na karai lake na wembe wake. Chuma cha kikoba kinasuguliwa kwa sabuni na kuchemshwa kwenye sufuria dakika ishirini, na bado hakimgusi mtu mwingine ila Mama. Ukucha unakatwa kwa kunyooka, pembeni hapachimbwi. Mguu unakaushwa katikati ya vidole, na gambuti zinaning'inizwa juani. Mwenye sukari, Mama mwenyewe akiwemo, hakatwi na yeyote ila muuguzi. Ibada ilipofika, wote thelathini walioshwa kwa maji mapya, mke wa mzee wa kanisa na mke wa kibarua, na sikumwona bwana wala mtumishi. Niliyosema kuhusu vikombe bado nayasema. Nilimpiga nayo mtu asiyehusika.

Nawe, najua kukimbia kunaharibu kucha. Ukienda mahali pa kukatwa, beba chuma chako, na usione haya.

Jambo la mwisho. Jana asubuhi nilimwomba Mama aweke kando kazi ya jikoni, nikatoa barua yako ya Desemba, nikamsomea upya kutoka juu hadi chini. Nilipofika kwenye mstari ule niliusoma wote. Nikamwambia kwamba mara ya kwanza niliuruka, na kwa nini. Niliinama nikingoja anifukuze au alie. Aliniambia niurudie. Niliurudia. Akautazama mguu wake.

"Kumbe mtoto aliniwaza hivyo," alisema.

Mahali nilipoona uchoyo, yeye aliona mwanawe akimwaza.

Jeconia mume wangu anakusalimu, na watoto pia. Joash anataka kujua unakimbia kwa viatu vya aina gani. Namalwa anasema hakujui lakini anakuheshimu. Msalimie kocha wako, umwambie alikuwa na akili kuliko mwalimu mmoja wa Eldoret. Mungu akulinde katika kila hatua ya mguu wako, akurudishe nyumbani ukiwa mzima, Mama angali na mguu wake wa kusimama akupokee.

Andika upesi. Mama amesema nitaendelea kumsomea mimi, lakini kuanzia sasa niweke kidole kwenye karatasi na kukipitisha juu ya kila mstari, naye akae karibu akione kinavyopita.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikuombaye radhi,
Hellen Jepkosgei