Nilimwita Mchawi

Mjukuu wangu Chiku,

Hujambo huko chuoni? Huku kijijini Haneti mvua imekatika, uwele umekauka shambani. Umeuliza kama wewe na mchumba wako mpime selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya ndoa.

Wanangu wawili wa kwanza walikufa wadogo, wakilia mifupa inawauma. Nilimwambia mama mkwe mbele ya watu, "Umewaroga wewe!" Akafukuzwa, akafia kijiji cha Zuzu peke yake. Miaka mingi baadaye daktari alitupima mimi na babu yako. Ugonjwa uliowaua wanangu ulikuwa huo selimundu, ulitoka kwenye damu yetu sote wawili.

Pimeni, mjukuu wangu. Lakini kipimo hicho kingekuwepo enzi zetu, nisingeolewa na babu yako, na baba yako asingezaliwa. Nawaza hayo kila siku, na faraja siioni.

Ni mimi, bibi yako.