Nimehamia Chini

Chumba cha Pili, Chini,
Jengo la Ghorofa Saba,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado ana meno ya kutafunia na masikio ya kusikia hata asiyoyataka. Goti lako linasemaje? Na shemeji, bado anakohoa, au siku hizi anakohoa tu akitumwa dukani? Mimi ni mzima wa kadiri. Macho yananitosha kwa maandishi makubwa, ila miguu imegoma kama vibarua wasiolipwa.

Utakuwa umeiona anwani. Sikukosea. Nimetoka ghorofa ya sita nilikozeekea, nimehamia chumba cha chini kilichokuwa cha mlinzi. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaninunia.

Mjukuu wako ninayemlea hajambo. Amerefuka, na anainama mlangoni kwa maringo tu, maana kizingiti bado hajakifikia. Vijana wa jengo wanamwita Spana. Lifti yetu, kama nilivyokwisha kukulalamikia mara nyingi, hufanya kazi ikijisikia, na kila fundi wake alipokuja, mtoto alisimama hapo na sare za shule akiuliza hiki ni nini na kile ni nini. Fundi ni mtu wa maneno machache. Siku moja akamtupia tochi: "Kama huondoki, basi mulika." Tangu hapo akawa mmulikaji wake. Alikuwa akirudi ndani na grisi hadi kwenye nyusi, uso umechangamka kama aliyetoka harusini.

Mwalimu wake alimshauri asomee ukarani, kazi safi ya kukaa. Wenzake wakamcheka: "Spana, utaolewa na waya?" Akawajibu, "Afadhali waya, unajulikana una umeme." Nilikuwa jikoni, nikacheka peke yangu.

Basi mitihani akafaulu, na chuo cha ufundi kikamchukua asomee lifti na mitambo yake. Kiko mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na wanafunzi wanalala hukohuko. Nilidhani ataruka hadi darini. Aliendelea kumenya viazi, kisha akasema haendi.

"Nani atakupandishia maji lifti ikizima?"

"Nitamtuma mtoto wa jirani."

"Yule? Yule anadondosha hata salamu, Bibi."

Wiki hiyohiyo ikafika barua yako, nawe ukasema yaleyale: asiniache, mzee haachwi peke yake. Naujua upendo ulioishika kalamu ile. Lakini nikae nawe kidogo hapa.

Watu wanasema watoto wa mjini wanaharibiwa na simu na makundi. Wapo. Ila katika jengo hili nimeona jambo jingine. Ghorofa ya nne kuna kijana aliyekuwa anakokotoa hesabu kama anayesoma gazeti. Mama yake yuko zamu za usiku hospitalini, kwa hiyo asubuhi, mama akilala, yeye ndiye anayewaogesha na kuwalisha wadogo zake. Kwanza alichelewa shule, halafu akawa anakosa siku mojamoja, halafu hakuna aliyekumbuka ni lini aliacha. Hakuna aliyemkataza kusoma. Anapendwa na anategemewa, basi. Namwona akianika nguo, nami niliogopa kumwona Spana wetu akinianikia zangu.

Mimi na wewe, siku ile tulipofukuzwa kwetu tukapandishwa malori tofauti, hakuna aliyetuuliza tunataka kuwa nani. Tuliulizwa tumebeba nini.

Nikaenda kwa msimamizi wa jengo kuomba chumba cha mlinzi. Akadhani ni utani. "Mama, watu wananiomba kupanda, wewe unaniomba kushuka?" Nikamwambia kila mtu na ghorofa yake. Spana akiwa hayupo, jirani yetu fundi cherehani na mdogo wake wakanishushia kitanda na vitabu, wakivilaani njia nzima.

Aliporudi alipanda mpaka juu, akakuta kuta tupu, akashuka mbio. Akasimama mlangoni akihema. Akaenda kwenye bomba, akalifungua, akalifunga.

"Maji yapo."

"Yapo."

"Na ngazi hakuna."

"Hakuna."

Akakaa juu ya boksi la vitabu, akalia. "Bibi, umenifukuza kwa adabu."

Aliondoka Alhamisi. Lakini ameniachia sharti: atakaa huko mpaka wewe ujibu. Wewe, bibi yake mzaa mama, ukisema rudi, anarudi. Kwa hiyo neno liko mkononi mwako.

Sitakudanganya kuhusu chumba hiki. Kule juu dirisha langu lilitazama barabara itokayo mjini, na miaka yote nililitazama nikiwawaza ninyi, ingawa kwa ramani huko mliko ni upande wa jikoni, palipokuwa na ukuta. Hapa naona miguu ya wapita njia tu. Bado napika chakula cha watu wawili. Jana nilisoma sentensi nzuri, nikainua kichwa nimsomee mtu, nikaisoma tena peke yangu.

Mwandikie, mdogo wangu. Mwambie asome. Usimwambie kwamba niko peke yangu. Ni kweli, lakini hiyo si kazi yake.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, binti yako mshonaji, na mama mkwe wake kama bado ananikumbuka. Mungu awafunike nyote, alizibe pengo lililo kati yetu hata kama ni kwa karatasi tu.

Ninapoandika hapa, lifti inapanda. Inapita nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Spana alinifundisha kuisikiliza: mlio mfupi ni breki kuachia, mvumo ni kamba kujikunja. Imepita ya nne. Imepita ya sita. Leo haijakwama.

Ni mimi nikupendaye, wa tumbo moja nawe,
Dada yako mkubwa