Watu wa Kambini, Wiki ya Tokeo la Bwana

Jumatatu, 29 Desemba

Nimefungua ofisi saa mbili. Saa mbili na nusu Kaka keshaleta bango. Refu kuliko chumba — limeanzia kwenye kabati la madaftari, likapita mbele ya kaunta, likaishia mlangoni. "NENDENI KWA MATAIFA YOTE." Herufi nyekundu. Jumapili ni Tokeo la Bwana, na kikundi cha umisionari kinaondoka na lori kwenda kuhubiri mbali huko, siku tatu. Kaka ni mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, kwa hiyo ni kiongozi wa safari, kwa hiyo bango linalala kwangu. Hakuniuliza. Mimi karani tu, tena mdogo wake.

Nimechuchumaa nalikunja, akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Mmoja wa watu wa kambini, wale waliokuja na kampuni ya barabara kutoka nchi nyingine. Kiswahili chake cha kuokoteza. Neno moja alilitamka vizuri: ubatizo.

Nikamweleza utaratibu. Barua ya jumuiya. Wasimamizi wawili. Semina ya wazazi, Jumamosi nne mfululizo. Hana jumuiya. Nikamwambia basi aje baada ya sikukuu, tutaona. Akanishukuru! Akatoka kinyumenyume, akichunga asikanyage bango.

Nimefanya kazi yangu. Miaka kumi na tisa naifanya hivyohivyo. Mbona basi tangu asubuhi nimenuna?

Jumanne, 30 Desemba

Karudi. Safari hii na karatasi, kaifunga kwenye kitambaa. Cheti chake mwenyewe cha ubatizo, kutoka kwao. Kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Lugha siijui, lakini vyeti vya ubatizo nimeandika maelfu, na hiki nilikisoma kama changu: tarehe, wazazi, msimamizi, sahihi ya padri, muhuri. Mkristo kamili. Amevuka mpaka na karatasi hii kifuani, amefika kwangu, nikamwambia semina.

Nikaipeleka kwa Baba Paroko. Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, magoti yamefungwa bandeji. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaisoma yote. Akasema sheria haimkatazi mtoto huyu chochote. Mama ni Mkatoliki, ameomba, inatosha.

Nikasema basi nimwandike Jumapili.

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. Halafu akasema niongee kwanza na mwenyekiti.

Padri! Amewekewa mikono na askofu, anamwomba ruhusa Kaka, muuza misumari! Najua anaogopa nini. Mwaka juzi walitofautiana na Kaka kuhusu mahali pa kuchimba choo, na kwa miezi mitatu nusu ya halmashauri haikumsalimia. Mwakani anastaafu. Anataka aondoke kwa amani. Amani ya nani?

Mama mtoto alingoja nje kwenye ngazi, juani, saa nzima. Nikatoka nikampa danadana nyingine. Kesho kuna kikao, nikasema. Kile cheti nikakibakiza ofisini, nikionyeshe kikaoni.

Jumatano, 31 Desemba

Kikao. Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo nina ushahidi.

Fulana za safari: saa moja na dakika arobaini. Zambarau au kijani. Mama Mapazia — alitoa mapazia ya sakristia na hajatuacha tusahau — alisema zambarau ni ya Kwaresima, itawatisha wapagani. Mwalimu wa kwaya akasema kijani itafanana na ya walinzi. Wamekubaliana nyeupe.

Watu wa kambini: dakika tano. Nilikionyesha kile cheti, nikasema Baba Paroko ameona hakina tatizo. Baba Paroko alikuwa anatazama kiatu chake. Mama Mapazia akasema hatuwajui hao, leo tutabatiza mmoja, kesho watajaza mabenchi, barabara ikiisha wanaondoka na sisi tumebaki na majina hewa kwenye daftari. Watu wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Kaka akanigeukia.

"Andika: suala limeahirishwa."

Nikaandika. Huo mkono wangu, nikautazama unaandika.

Na sijasema la Krismasi. Niliseme hapa angalau. Misa ya Krismasi walikuja watu kumi na mmoja kutoka kambini, wamevaa vizuri, wakakaa benchi la nne. Wapokezi wakawainua, eti benchi lina wenyewe. Wakasimama nje dirishani mpaka mwisho. Nilikuwa benchi la tano. Niliona kila kitu. Niliimba wimbo wa komunyo kwa sauti nzuri tu.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Chakula kwa Kaka. Amebariki meza kwa sala ndefu, ameiombea safari, ameziombea roho zilizo gizani. Sikuitikia amina. Wifi aliona, akanikanyaga mguu chini ya meza. Sijui kunionya au kuniunga mkono. Wifi huwa haeleweki mpaka afanye jambo.

Ijumaa, 2 Januari

Nilifunga ofisi saa sita nikaenda kambini kurudisha cheti. Kwa miguu. Nilitazama saa: dakika ishirini. Dakika ishirini kutoka mlango wa kanisa!

Vyumba vya mabati, safu mbili, kamba za nguo katikati. Mama mtoto anafua maovaroli ya kambi nzima kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, mikono imechubuka kwa sabuni ya unga. Mtoto kalala ndani ya beseni kavu, kivulini. Akafurahi kuniona. Sikustahili kufurahiwa.

Akamwita dereva wa greda, mtu wa makamo, Kiswahili chake kimenyooka. Huyu ndiye anayewaongoza sala. Kumbe wanasali! Kila Jumapili, kwenye stoo ya saruji, tangu wafike. Miezi kumi na minne. Wameweka msalaba wa nondo juu ya mifuko. Wana watoto saba wasiobatizwa, mkubwa ana miaka minne. Orodha yao ameiandika kwa mwandiko safi kuliko wangu, akanikabidhi.

Aliniuliza jambo moja tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa za kufungua posta.

"Samahani dada, kanisa lenu linaruhusu watu kuingia, au ni la wenyeji tu?"

Nikasema linaruhusu. Aliinamisha kichwa kwa heshima na nikajua hakuniamini.

Njiani kurudi hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Tunafundisha watoto kwamba Tokeo la Bwana ni siku Mungu alipojionyesha kwa watu wa mbali. Nimeipiga chapa hiyo sentensi kwenye vijikaratasi vya katekisimu, sijui mara ngapi. Na kila mwaka sisi tunajiweka upande wa mamajusi — tunabeba zawadi, tunasafiri, tunavaa fulana. Lakini soma vizuri. Mamajusi walifika Yerusalemu wakauliza. Na waandishi wa Yerusalemu walikuwa na jibu! Walifungua vitabu, wakataja mpaka mji. Halafu wakafunga vitabu wakabaki palepale. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja nichukue viatu, twende pamoja.

Mimi nimekaa na vitabu miaka kumi na tisa.

Jumamosi, 3 Januari

Nilitaka kumbana Kaka kwa maandishi, maana kwa maneno hashindwi. Nikafikiri: zamani kulikuwa na kambi ya reli hapa, lazima kuna waliobatizwa bila barua ya mtu. Nikatoa madaftari ya chini kabisa kabatini, yale yaliyoliwa na mchwa pembeni. Vumbi, chafya, saa mbili nzima.

Nikawapata. Mkesha wa Pasaka, watu kumi na mmoja siku moja, wote "kambi ya reli". Wa sita ni Baba.

Baba yetu. Jina lake lote, na jina la babu. "Umri kama miaka 22. Mgeni. Msimamizi: mpishi wa mapadre." Na pembeni, padri wa wakati huo ameandika kwa wino mwembamba: "Lugha bado. Imani ipo."

Nilikaa chini sakafuni. Maisha yangu yote nimeambiwa Baba alibatizwa utotoni, huko alikotoka. Kaka ndiye aliyesema. Kaka ndiye aliyejaza fomu za mazishi.

Nikalifunga daftari kwenye mfuko, nikaenda nalo dukani kwake. Ni marufuku daftari kutoka ofisini. Nilimkuta anapima misumari ya mteja. Nikangoja mteja aondoke, nikalifungua juu ya kaunta, katikati ya bawaba na vitasa.

Hakusoma. Alitazama ukurasa mara moja tu akajua.

"Nilijua tangu nikiwa darasa la tatu," akasema.

Nilikuja nimejiandaa kupiga kelele. Akanisimulia, huku anapanga vitasa vilivyokwisha kupangwa. Kwamba shuleni walimwita Mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Kwamba mama mmoja alimtoa mwanawe asikae naye dawati moja, kwa sababu watoto wa reli wana chawa. Kwamba Baba alipokuwa akisali kwa lahaja yake kanisani, watu walicheka, na siku moja Kaka naye alicheka, ili asionekane ni wake. Mimi sikuyaona hayo. Nilizaliwa kambi imekwisha kuvunjwa, Baba ana nyumba, Kiswahili chake kimekaa sawa. Kaka alisema amefanya kazi miaka arobaini ili mtu yeyote akimtazama asifikirie reli. Sasa mimi nataka kuwapanga hao mlangoni, watu wawatazame, halafu wamtazame yeye.

Niliona huruma, sikatai. Kwa dakika nzima nilimwonea huruma kama mtoto. Halafu nikakumbuka yule mama juani kwenye ngazi, na hasira ikarudi, kali zaidi. Nikamwambia kuna mpishi alisimama karibu na Baba wakati hakuna aliyemtaka. Asingesimama, wewe ungekuwa mwenyekiti wa nini?

Akasema kesho nikiwaleta, Jumatatu nisiende ofisini.

Nikachukua daftari langu. Nikapita kambini moja kwa moja. Nikawaambia: kesho, misa ya pili, saa nne. Wote.

Jumapili, 4 Januari

Saa kumi na mbili na nusu. Sakristia. Baba Paroko anavaa. Nimemwambia yote — watoto saba, stoo ya saruji, daftari. Kasikiliza huku anahangaika na mshipi. Nimemfunga mimi. Akasema: wakifika mbele yangu nitabatiza, siwezi kumrudisha mtu. Lakini sitatoka kwenda kuwachukua getini.

Hata wewe, Baba Paroko. Utawangoja mahali pazuri, penye mishumaa.

Misa ya kwanza imekwisha. Mahubiri yalikuwa ya mamajusi. Mazuri. Kikundi kimebarikiwa, wote na fulana nyeupe, wakapigiwa makofi.

Saa tatu na nusu. Naandika juu ya kaunta. Nimefungua daftari jipya la ubatizo, nimeandika majina saba kutoka orodha ya dereva wa greda. Safu ya wasimamizi iko wazi. Nimeuliza watu wanne baada ya misa. Mmoja ana safari. Mmoja mgonjwa ghafla. Wawili wamesema wataniambia, wakaondoka wakitazama simu. Nimeandika jina langu kwa mtoto wa kwanza, wa yule mama. Halafu nikaliandika tena la pili, la tatu, mpaka la saba. Sheria inaruhusu. Watanicheka, eti mama wa watoto saba kwa siku moja. Wacheke.

Saa nne kasoro dakika kumi. Wamefika.

Nawaona dirishani. Thelathini hivi. Mashati yamepigwa pasi. Dereva wa greda mbele, kashika kofia. Lakini lori la wamisionari limesimama katikati ya geti, limejaa, injini inaunguruma, bango letu limefungwa ubavuni. Geti lenyewe la mlango mmoja. Watu wa kambini hawawezi kuingia mpaka lori litoke. Na lori haliwezi kutoka kwa sababu wao wamesimama mbele yake, na hawasogei. Hawagombani na mtu. Wamesimama tu. Dereva wa lori kapiga honi mara mbili.

Kaka yuko chini, kati ya lori na wao. Namwona mgongo tu. Dereva wa greda anamwambia kitu. Siwezi kusikia. Kaka kashika kiuno.

Mama Mapazia anapiga kelele kutoka juu ya lori, eti watachelewa kufikisha Neno.

Wifi kashuka. Kaanza kwa mguu mmoja, fulana imenasa kwenye ndoano ya turubai, kaivuta mpaka ikachanika begani. Kampita mumewe bila kumtazama. Kaenda kwa mama mtoto, kanyoosha mikono. Mama kasita, halafu kampa. Wifi kamweka mtoto begani, pale palipochanika, na yule mama anajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, taratibu.

Sasa Kaka anamtazama mkewe. Watu wote juu ya lori wanamtazama Kaka.

Kengele ya kwanza inalia. Nadhani nitoke. Natoka. Hapana — Kaka kageuka, anakuja huku ofisini, peke yake, kavua fulana kaishika mkononi, amebaki na shati la ndani kama mtu wa nyumbani, na siwezi kuujua uso wake unasema nini, na lori bado linaunguruma, na hakuna aliyeingia wala aliyeondoka