Nyasi Nilizokata Kabla ya Siku Zake

Deira, Dubai
Novemba 2017

Mdogo wangu Mwadime,

Habari za afya yako sikuulizi, kwa sababu ninazo. Juzi ulinitumia sauti kwenye simu kutoka huko Kanada, dakika tatu nzima za beleshi likikwaruza, krr, krr, na wewe unahema kama mtu aliyebeba gunia la viazi kupanda nalo Wundanyi. "Kaka, sikia," ukasema, "hii ni theluji ya kwanza ya mwaka. Niko nyumba ya nne na bado tatu." Niliisikiliza nikiwa nimesimama kwenye bustani ya watu kule Jumeirah, shati limelowa jasho mgongoni, mashine ya kukata nyasi inaunguruma pembeni. Nikacheka peke yangu. Vijana wangu wakadhani jua limeniingia kichwani.

Barua hii usishangae kuiona mahali pa watu wote. Nimewaomba wanaotoa jarida la umoja wetu wa Wakenya huku waichape kama ilivyo, na nakala yake nitaibandika ukutani pale tunapopandia pikapu ya kazi asubuhi. Sababu yake utaiona ukisoma. Ulikubali kosa mbele ya watu kumi na mmoja, na mimi siwezi kuja kulikanusha kwa kunong'ona kwenye simu.

Lakini ngoja kwanza. Nina mazoea ya kuanza mbali, unanijua.

Unakumbuka tulivyofika hapa? Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili na viatu vya shule. Tulikuwa tumekata nyasi maisha yetu yote, lakini kwa fyekeo, za ng'ombe. Siku ya kwanza tukapelekwa kwenye nyumba moja kubwa, tukaambiwa tukate, tukakata, halafu ukamwuliza supavaiza, Bwana Karim, ng'ombe wako wapi. Karim akakutazama. Akacheka hadi akaketi chini. "Yalla, no cow, no cow," akawa anasema mwezi mzima kila akikuona. Hukuelewa kabisa kwamba mtu anaweza kumwagilia nyasi maji ya kunywa kila siku, azitie mbolea, azikate, kisha azitupe kwenye mfuko mweusi. Mimi mwenyewe nilikuwa sielewi, ila nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Baadaye ukaja kunipita. Nakubali leo, kwa hasira kidogo, lakini nakubali. Wewe ulikuwa na mkono. Mimi nilikuwa na sauti.

Kazi yenyewe unaijua, lakini wengine wasomao hawaijui. Huku nyasi za kiangazi zikianza kuchoka mwezi wa kumi, tunazinyoa mpaka chini, kipara kabisa. Tunapara udongo kwa reki, tunamwaga mbegu za nyasi za baridi, tunafunika kwa mchanga na samadi. Mtaa mzima unanuka zizi kwa siku kadhaa, na matajiri wanalipia harufu ambayo nyumbani tuliipata bure. Halafu ni maji kidogo kidogo, mara nne kwa siku, mpaka zichipue. Zikichipua ni kijani kibichi cha kupendeza ajabu, na hapo ndipo pana mtego, kwa sababu zinaonekana ziko tayari na haziko tayari. Mizizi bado haijashika. Ukipitisha mashine mapema, unazing'oa zote.

Wewe ulikuwa na njia yako ya kujua, uliyoitoa kwenye kitalu cha vitunguu cha Mama. Unachuchumaa, unashika jani moja kwa vidole viwili, unavuta. Likikatika mkononi, mzizi umeshika, kata. Likija zima na mzizi wake, bado. "Vuta kwanza uone," ulikuwa unawaambia hata Wahindi waliokutangulia kazini miaka kumi, na wakawa wanavuta.

Sasa tufike penyewe.

Mwaka ule wa madam wa nyumba yenye geti la bluu. Bintiye alikuwa aolewe, na chakula cha mchana kiwe pale bustanini siku ya Ijumaa. Madam alipenda nyasi zikatwe ziwe na mistari, mmoja mwanga mmoja giza, kama alivyoona kwao. Wakati huohuo arbab wetu, yaani mwenye kampuni, alikuwa anatafuta fomeni, na madam alikuwa na neno zito kwa arbab. Nyasi zilikuwa na siku kumi na mbili tu. Jumatano asubuhi ulichuchumaa, ukavuta, ukanionyesha mzizi mweupe kama uzi. "Kaka, bado. Tuache hivyohivyo, zinapendeza."

Nikakuuliza, "Mkubwa hapa ni nani?"

Ukachukua ndoo yako ukaenda nyumba ya jirani kufuata kazi. Mimi nikawasha mashine.

Mstari wa kwanza ulitoka vizuri, Mwadime. Nakwambia ukweli, ulitoka vizuri sana, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Wa pili nikaona nyuma yangu udongo. Badala ya kusimama nikaendelea, nikidhani nitasawazisha. Nilipozima mashine bustani ilikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mwenzake kwa wembe mbovu. Ijumaa wageni walikula juu ya mazulia, yametandazwa kuficha mabaka.

Jumamosi Karim alitupanga mstari pale kwenye maegesho, watu kumi na mmoja. Hakuwa anacheka. "Nani alikata?" akauliza. Mimi nilitazama viatu vyangu. Naapa nilikuwa najiandaa kusema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini viza yangu ilikuwa inaisha mwezi uliofuata, binti yangu Neema alikuwa bado darasa la kwanza, na nilijua mtu atakayejibu swali lile anarudishwa nyumbani au anatolewa bustanini.

Wewe ukasema, "Mimi."

Basi. Neno moja. Hata hukunitazama. Khalas, wiki ile ile ukahamishiwa ile nyumba ya theluji iliyo ndani ya jengo la maduka, ukapewa koti la kuazima, glovu na beleshi, kazi yako kusukuma theluji ya kutengenezwa ili watu watelezee. Mimi nikawa fomeni. Ukija chumbani Deira jioni, vidole vimekufa ganzi wakati sisi tunalala na feni, hukusema kitu. Siku moja tu, tukinywa chai, ulisema, "Mimi sina mke wala mtoto, Kaka. Wewe unaye Neema." Nikajifanya sijasikia, nikakuomba sukari.

Hilo lingekuwa limetosha kunichoma. Lakini kuna baya zaidi, na hulijui.

Mama alipiga simu. Alikuwa amesikia umetolewa bustanini, akaniuliza kulikoni. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Alifanya haraka, Mama." Maneno matatu tu, nikabadilisha mazungumzo. Mama akayaokota. Unajua Mama akiokota kitu hakiachi. Tangu siku hiyo kila simu ni "mwambie mdogo wako apunguze haraka". Uliponunua simu mpya, haraka. Ulipoachana na yule binti wa Voi, haraka. Ulipopata nafasi ya Kanada kwa yule mwalimu wa kuteleza wa pale kwenye nyumba ya theluji, ambaye mjomba wake alitafuta mtu wa kukata nyasi za majumbani kiangazi na kuondoa theluji majira ya baridi, Mama alisema, "Ona, anakimbia tena." Na mimi nikaitikia "mm".

Unakumbuka tulivyokwenda kununua koti? Mwezi wa nane, Deira inawaka, na wewe umesimama ndani ya duka la jumla umevaa koti zito mpaka magotini, jasho linadondoka kidevuni. Mwenye duka akauliza kama wewe ni mgonjwa. Nikakufunga zipu mpaka shingoni kama nilivyokufunga vifungo vya sweta ulipoanza shule. Pale nilitaka kusema. Nikasema, "Linakutosha," na tukaondoka.

Umekaa huko sasa miaka mitatu, na sauti zako nimezihifadhi zote. Ile ya vuli yako ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Uliona nyasi za yule bibi mteja wako zimegeuka kahawia, ukaingiwa na hofu, maana huku Dubai nyasi zikiwa kahawia mtu anafukuzwa. Basi ukaamka alfajiri ukazimwagilia kwa mpira, bustani nzima na kijia chake, kwa bidii ya fomeni. Kulipopambazuka kila kitu kimeganda kikawa kioo, na mleta barua ameteleza kwa makalio kutoka mlangoni hadi barabarani, barua zikiruka. Masikini bibi wa watu akakuita ndani akakupa chai, akakwambia nyasi hazijafa, zimelala. "Kaka," ulisema kwenye ile sauti, "huku nyasi zinaruhusiwa kulala!" Nikairudia mara nne. Huku kwetu hazilali mwaka mzima, na sisi nazo.

Umenifundisha mengine mengi ya huko. Kwamba kabla theluji haijaanguka mnachomeka vijiti kando ya kila njia, ili beleshi la mashine lisije likachana nyasi zilizofunikwa. Kwamba mnamwaga chumvi njiani barafu iyeyuke, chumvi ambayo ingetosha pilau ya Taita nzima. Kwamba theluji ya kweli ni nzito, si kama ile ya dukani. Unaongea kama mtu aliyepata mahali pake. Nafurahi, na wivu ninao. Nisikudanganye tena.

Sasa kwa nini leo. Mama ameniambia unakuja nyumbani Krismasi, na kwamba unataka lile shamba la chini, la karibu na kijito, ujenge. Halafu akaongeza: "Lile nakupa wewe. Mtu wa haraka hakai na ardhi." Alisema kwa upole kabisa, kama anayekata mkate. Kaka yako nikapewa shamba lako kwa kosa langu, na nilichotakiwa kufanya ni kuitikia "mm" mara moja nyingine.

Nililala nalo siku tatu. Ijumaa asubuhi, wenzangu wakiwa wamekwenda kanisani Oud Metha, nikaketi kitandani nikampigia. Nikamweleza yote, mistari, maegesho, "Mimi" yako, na yale maneno yangu matatu.

Halafu akauliza, "Na hukuvuta kwanza uone?"

Ewe Mwadime! Nina miaka arobaini na moja. Nina watu tisa chini yangu. Nililia kama mtoto aliyekamatwa kwenye kitalu cha vitunguu.

"Yeye alivuta, Mama," nikamwambia. "Alinionyesha mzizi."

"Basi miaka yote hii nimekuwa nikimgombeza nani?" akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. Nikamwomba anisamehe. Akasema atajitahidi kwa upande wake, lakini msamaha wako hawezi kunipa yeye. "Huo ni wa mwenyewe. Mwandikie. Na shamba nitampa kwa mkono wangu akifika, wewe ukiwepo."

Nitakuwepo. Nimeshaomba likizo. Karim aliniuliza ni ya nini, nikamwambia na yeye. Akasema alikuwa anajua, kwa sababu mtu aliyekuwa akivuta nyasi za kila bustani asingekata zile. Alijua, na alinyamaza kama mimi. Ameniacha nibandike barua ukutani. Kama arbab ataona nisiwe fomeni tena, nitashika reki, mikono bado ninayo.

Mdogo wangu, uliisimamia aibu yangu nikasomesha mtoto. Neema yuko darasa la tano na anaandika vizuri kuliko mimi. Asante. Na nisamehe, kwa bustani, kwa Mama, kwa zile "mm" zote, kwa kukufunga zipu na kunyamaza.

Lakini usinijibu upesi. Najua ulivyo, utatuma sauti leo leo ukicheka, useme yameisha, Kaka, tuachane nayo. Usifanye hivyo. Endelea na nyumba zako saba, koleza njia za watu chumvi yao. Jioni moja ukiwa umetulia, chuchumaa ndani ya moyo wako, shika jambo hili kwa vidole viwili, uvute. Likija na mzizi, bado, niache ningoje. Safari hii najua kungoja.

Karim aliuliza nani alikata.

Mimi.

Kaka yako