Mukebe Uliotoka Gulu

Mama Bright,

Chai iko kwa chupa. Bundu ya jana, ule ugali wa muhogo, usitupe, ikate vipande uikaange, Bright atakula akitoka shule. Vichwa vya samaki usimpe paka, hiyo ni supu yetu ya jioni. Kwa nyumba hii hatutupi kitu.

~~Ule mukebe wa kijani ulianguka.~~

Hapana, niseme ukweli. Asubuhi ulipoenda kuchota maji, nilifungua ule mukebe. Nikaona kitu ya kahawia, mafuta yamesimama juu. Mimi mutu wa huku Nyakalengija, sijazoea vyakula vya kwenu Gulu, nikajua ni grisi ya baiskeli! Nikaimwaga nyuma ya jiko. Kuku wakaikimbilia kama wamealikwa harusi. Ndipo nikalamba kidole: simsim na karanga! Kumbe ndiyo odii mama yako alisaga kwa mkono akaituma na basi. Ndiyo maana mwezi mzima unaila kwa ncha ya kijiko, na mimi nikifikiri unaninyima.

Nimekwangua mukebe, vijiko viwili vimetoka. Viko kwa kikombe, nimefunika na sahani. Ni vyako, usinipakulie.

Nimeenda soko la Bwera kutafuta simsim. Jioni utanionyesha kusaga.

Ukimpigia mama yako, mwambie nimeionja, nimelamba mpaka kidole, namushukuru sana. Habari ya kuku tubaki nayo sisi wawili.

Mama mukwe wako, yule asiyetupa kitu